Nyaya za Spika Ukutani: Zipitishe Kabla ya Lipu

Nyumba nyingi za Kiriba, kwetu kando ya Ziwa Victoria, husimama boma kwa muda mrefu kabla hazijawa nyumba. Tanuri la matofali huchomwa mwaka huu, ukuta hupanda mwaka ujao, bati hununuliwa dagaa wakipata bei, na lipu husubiri mpaka mfuko upate nguvu tena. Kipindi hicho cha kusubiri, baada ya kupaua na kabla ya lipu, ndicho ninachotaka kukizungumzia hapa. Ukuta uko wazi, kila tofali linaonekana, na kupitisha nyaya za spika ndani yake ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mmoja na msaidizi wake. Ukikiacha kipite, kazi ileile itakuja kukugharimu lipu, rangi, na pengine ukuta wenyewe.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeyaona nyumbani kwetu, hukuhuku kando ya ziwa. Nyumba ilipigwa lipu, ikapakwa rangi, tukahamia. Kaka akarudi kutoka Mwanza na sabufa yenye spika nne ndogo. Tukatandaza nyaya sakafuni chini ya mkeka, na juma halijaisha mtoto akajikwaa, spika ikashuka kutoka juu ya kabati. Akaitwa kijana mwenye grinda. Akakata ukuta wa mbele kwa mlalo, kona hadi kona, sentimita chache chini ya dirisha, maana njia hiyo ndiyo iliyokuwa fupi. Vumbi jekundu lililala kwenye vyombo vya mama siku tatu. Masika ilipofika, ufa ulianzia kona ya dirisha ukaingia kwenye mfereji ule na kuufuata hadi mwisho. Tumeuziba mara nne. Unarudi.

Ukuta ule ulikuwa wa matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, kama kuta nyingi za huku, na saruji ilikuwa kwenye lipu tu. Ukuta wa namna hiyo hubeba mzigo vizuri sana ukiachwa mzima. Ukiukata kwa mlalo umeupunguzia unene wake mahali pote ambapo uzito wa juu unashukia. Mafundi wenye uzoefu wana kipimo: mfereji wa kusimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa tofali la inchi 6, yaani sentimita 15, unavumilia mfereji wa kusimama wa sentimita 5, lakini wa kulala usipite sentimita mbili na nusu. Bomba la plastiki la umeme la milimita 20, likishafunikwa, linataka kina cha sentimita 3 au zaidi. Hesabu inajieleza: kwa mlalo haliingii. Na ukuta mwembamba wa sentimita 10 au 11 hauna hata nafasi ya kujadili.

Kwa hiyo njia ya waya ni moja, nayo ni rahisi kuikariri: panda, vuka darini, shuka. Kutoka pale redio itakapokaa, bomba linapanda wima mpaka juu ya ukuta. Huko linalala juu ya mbao za paa, limefungwa kwa waya laini kila baada ya mita moja. Likifika juu ya mahali pa spika, linashuka wima tena. Njia hii inakula waya mwingi kuliko ile ya mkato, pengine mita tano au sita zaidi kwa kila spika. Lipa. Waya hununuliwa dukani Musoma siku yoyote.

Kuna watu ambao bahati yao ni kubwa zaidi, wale ambao hata jamvi la sakafu halijamwagwa. Kwao bomba linaweza kulazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, likatoka upande wa pili, na zege likamwagwa juu yake. Hakikisha tu kila kiungo kimepakwa gundi mpaka kikashika, kwa sababu mchwa wa huku wanaingia popote penye upenyo, na unyevu wa ardhi nao hufuata.

Waya upi?

Duka la vifaa vya muziki litakuuzia waya mwembamba uliokuja na sabufa, ule ambao ukiumenya unakuta nyuzi chache kama nywele. Kwa mita mbili tatu hauna neno. Tatizo linaanza ukiupeleka darini na kuurudisha.

Nyuma ya kila spika kuna namba yenye alama ya Ω, inayosomwa omu. Mara nyingi ni 4, 6 au 8. Hiyo inaonyesha kiasi ambacho spika huukinza mkondo wa umeme. Waya nao una ukinzani wake: waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba una takriban omu 0.017 kwa kila mita, na unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo namba inavyopanda. Tuchukue spika iliyo umbali wa mita 12 kwa njia ya darini. Mkondo unakwenda na kurudi, basi shaba inayohesabiwa ni mita 24. Kwa waya wa milimita 0.3 utapata omu 1.4 hivi. Spika ikiwa ya omu 4, zaidi ya robo ya nguvu ya amplifaya inaishia ndani ya waya, inageuka joto lisilomfaa mtu, na besi inakuwa legevu kama ngoma iliyolowa. Kwa waya wa milimita 1.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.28 hivi, na hasara ni sehemu sita au saba tu katika mia. Kwa milimita 2.5, ni sehemu nne.

Desturi ya mafundi wa sauti ni kuhakikisha waya hauzidi sehemu tano katika mia ya omu za spika. Kwa nyumba za ukubwa wa huku, hiyo maana yake ni 1.5 kwa spika za omu 6 na 8, na 2.5 kwa spika za omu 4 au safari zinazopita mita 13. Ukishindwa kuamua, chukua 2.5, maana waya mnene haujawahi kuharibu muziki wa mtu.

Tazama pia waya umetengenezwa kwa nini. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Nyaya hizi zinapitisha umeme, ila ukinzani wake unazidi wa shaba kwa nusu na kidogo, tena hukatika zikikunjwa mara nyingi. Muuzaji akikataa usikwangue, nenda duka la pili.

Rangi zinazoweza kuua

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu jambo hili linahusu uhai.

Waya wa spika wenyewe si wa kutisha. Amplifaya ya wati 100 ikipiga kwa nguvu zake zote kwenye spika ya omu 8 inatoa volti 28 hivi. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Hatari inatokana na kwamba nyaya hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Waya wa spika kwa kawaida ni mwekundu na mweusi. Nyumba zilizowekewa umeme zamani, kwa utaratibu wa Kiingereza, nazo zina waya mwekundu wenye umeme na mweusi wa kurudisha. Kahawia na buluu tunazoziona leo zilikuja baadaye. Ongeza sola. Kabla Wakala wa Nishati Vijijini haujaanza kazi mwaka 2007, na kwa miaka mingi baada ya hapo, nyumba nyingi za huku zilizokuwa na mwanga wa umeme zilipata mwanga huo kwa paneli na betri, na nyingi zimeuacha mfumo huo ukutani hata baada ya nguzo kufika. Nyaya za sola pia ni nyekundu na nyeusi.

Basi fikiria ukuta mmoja wenye jozi tatu za nyekundu na nyeusi: moja ya volti 230, moja ya betri ya volti 12, na moja ya spika. Fundi aliyezipitisha amehamia Bunda. Mwenye nyumba anaziona tu zimechomoza. Akiunganisha spika kwenye jozi ya betri, koili ya spika inaweza kuungua kwa dakika chache. Akiigusa jozi ya kwanza akidhani ni ya spika, hapo hatuzungumzii tena spika.

Kinga yake haina gharama. Bomba la spika liwe peke yake, wala waya wa umeme wa nyumba usiingie ndani yake hata kwa hatua moja. Kila mwisho wa waya funga tepu ya rangi ambayo haitumiki kwingine nyumbani, ya njano au nyeupe, na uandike SPIKA kwa maka peni. Na jambo ambalo sitachoka kulirudia: usimalizie waya wa spika kwenye soketi ya ukutani ya pini tatu, eti kwa sababu inapendeza na inapatikana. Siku moja mgeni atachomeka pasi kwenye soketi ya spika, au mtoto atachomeka plagi ya spika kwenye soketi ya umeme. Tumia kifuniko kitupu cha boksi kilichotobolewa tundu dogo, au kile chenye vibana viwili vya rangi kilichotengenezwa kwa spika.

Umbali nao una maana. Waya wa umeme unaolala sambamba na waya wa muziki huweza kuuambukiza mvumo wa mizunguko 50 kwa sekunde, ule unaosikika kama nyuki ndani ya debe. Waya wa spika huambukizwa kwa shida, lakini ule mwembamba unaotoka kwenye simu au king'amuzi kwenda kwenye amplifaya huambukizwa upesi sana. Acha sentimita 30 kati ya bomba la spika na la umeme. Pale ambapo lazima yapishane, yakutane kama alama ya msalaba kisha kila moja liende zake.

Kazi ya umeme wa volti 230 ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kazi ya nyaya za spika unaweza kuifanya mwenyewe, ukijua mpaka uko wapi. Kabla ya kutia tindo ukutani, zima swichi kuu, kisha pima kwa testa kwenye soketi iliyo karibu uhakikishe umeme umekatika kweli. Usichimbe moja kwa moja juu au chini ya soketi na swichi, kwani nyaya zake hupita hapo.

Kukata, kulaza, kufunika

Chora kwanza. Kaa kwenye chumba kitupu mahali utakapoweka kochi, mwambie mtu asimame na kipande cha ubao pale unapofikiria spika. Spika mbili za mbele na wewe msikilizaji mfanye pembetatu ambayo pande zake zinakaribiana. Spika zikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, karibu mita 1 kutoka sakafuni. Boksi la ukutani lenyewe liwe chini zaidi, sentimita 45 kutoka sakafuni linatosha. Usilishushe kuliko hapo, maana kuta za matofali zisizo na karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi hunyonya maji kutoka chini, na sehemu ile ya chini ndiyo huwa mbichi msimu mzima wa mvua.

Kwenye ukuta, piga mistari miwili ya wima kwa timazi, ikiachana sentimita 3. Kama una grinda, kata kwa kina hicho hicho, kisha bandua katikati kwa tindo. Kama huna, tindo na nyundo vinatosha kwenye tofali la kuchoma. Ni kazi ya subira tu. Lowesha ukuta kabla ya kukata, funga kitambaa kizito puani na mdomoni, vaa miwani. Vumbi la tofali na saruji lina chembe za silika zinazokaa kwenye mapafu na hazitoki, na vijana wanaokata kuta kila siku bila kujifunika wanalilipa deni hilo uzeeni.

Kwenye lenta, simama. Ile ni zege yenye nondo, ndiyo mshipi unaoishikilia nyumba, na haikatwi. Ukiwa bado hujaimwaga, kipande cha bomba kisimamishwe ndani ya fomu kabla ya zege, kazi imekwisha. Ikiwa imeshamwagwa, pitisha bomba jembamba la milimita 16 juu ya uso wake, na lipu ya hapo iongezwe unene kidogo. Hata likionekana, bora lionekane.

Kona za bomba ndizo zinazowashinda watu siku ya kuvuta waya. Kona kali ya dukani inaukamata waya kama kabari. Afadhali kukunja bomba lenyewe kwa mkunjo mpana. Fundi mmoja mzee alinionyesha hivi: jaza kipande hicho cha bomba mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili, kimwagie maji yanayochemka taratibu mpaka plastiki ilegee, kisha kizungushe kwenye ubavu wa sufuria kubwa na ukishikilie hapo mpaka kipoe. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ukimwaga mchanga, unabaki na mkunjo laini ambao waya unaupita wenyewe. Usitumie moto wa wazi, kwani plastiki ile ikiungua hutoa moshi wa sumu. Na kati ya boksi moja na jingine usiweke mikunjo zaidi ya miwili.

Bomba likishalala, lishike kwa misumari iliyopishana kila nusu mita, lowesha mfereji, jaza udongo wa saruji wa moja kwa nne. Juu yake gonga ukanda wa wavu wa kuku wenye upana wa kiganja kabla ya lipu. Wavu huo ndio unaozuia ule mstari mwembamba unaotokea miezi sita baadaye na kumwonyesha kila mgeni mahali bomba lilipopita.

Sasa jambo dogo linalosahaulika. Siku ya lipu, fundi anarusha udongo kwa mwiko, na udongo haujui kuchagua. Mdomo wa bomba ulioachwa wazi utajaa, utakauka, na hakuna waya utakaopita tena. Watu huziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nayo hulowa na kuzama ndani. Gunzi la mhindi ni zuri kuliko vyote. Chagua linalolingana na tundu, lisukume lishike, liache lichomoze inchi moja. Lipu ikipita juu yake, unalizungusha na kulitoa, na bomba liko safi kama lilivyokuwa.

Ndani ya bomba acha mshipi. Kijiji cha wavuvi hakikosi nailoni ya nyavu, ile nene isiyooza. Ipitishe wakati bomba bado halijafunikwa: funga kifundo kidogo cha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya mshipi, kitie mdomoni mwa bomba, kisha puliza kwa pampu upande huo. Kifundo kitaruka na mshipi nyuma yake. Funga ncha zote mbili kwenye misumari ili usimezwe. Huna haja ya kununua waya siku hiyo. Unaweza kupiga lipu mwaka huu ukanunua nyaya na spika mwaka ujao, na kazi itakuwa kufunga waya kwenye mshipi, mmoja asukume huku, mwingine avute kule. Kwa familia inayojenga kidogokidogo sijui msaada mkubwa kuliko huo. Ukiweza, laza bomba moja zaidi kati ya sebule na dari kwa ajili ya waya wa dishi.

Nyumba iliyokwisha

Wako waliokwisha kupiga lipu. Kwao ushauri wangu ni mfupi: msikate. Tumieni trankingi, ule mfereji mweupe wa plastiki wenye kifuniko, uende juu ya sakafu au kwenye kona ya ukuta na dari. Ukipakwa rangi ya ukuta, baada ya juma hauonekani tena. Kama kuna silingi bodi, waya unaweza kupanda kwenye trankingi pembeni mwa dirisha, ukavuka juu ya silingi. Huko juu utie ndani ya bomba hata kama hakuna lipu ya kuuficha. Chini ya bati jua la mchana linapika, na panya wa darini hutafuna ganda la waya. Nyuzi mbili zilizomenywa zikigusana, amplifaya nyingi za bei nafuu hufa papo hapo.

Spika za barazani ni hadithi nyingine. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na sisi tunaoishi ukingoni tunajua dhoruba inavyokuja usiku kutoka majini. Radi haihitaji kuipiga nyumba. Ikipiga karibu tu, waya mrefu ulio nje unazoa msukumo wa umeme na kuuleta mpaka kwenye amplifaya. Hivyo waya wa barazani uwe na kiungo unachoweza kukichomoa kwa mkono ndani ya nyumba. Wingu likisimama upande wa ziwa, chomoa plagi ya umeme na chomoa waya wa nje, vyote viwili. Ukitaka kupeleka sauti nyumba ya pili ndani ya mji uleule, usiutundike waya juu ya miti. Uzike ndani ya bomba, kina cha sentimita 60, ambako jembe halifiki.

Kuunganisha

Waya wa spika una upande wenye alama, mstari au maandishi. Chagua upande huo uwe chanya, na uwe chanya nyumba nzima. Ukiunganisha spika moja sawasawa na ya pili kinyume, zote zitalia, lakini moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inafutika katikati ya chumba. Watu wengi hununua sabufa kubwa zaidi wakati dawa ilikuwa kugeuza nyaya mbili. Kama alama imepotea, chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusa nyaya za spika kwa nukta moja tu ukiitazama karatasi ya spika. Ikisogea mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Kosa la pili ni kuongeza spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya inaziona kama omu 4. Mbili za omu 4 inaziona kama omu 2, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani huchemka hadi kuungua. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali, usishuke chini yake. Ukihitaji spika ya tatu kwenye tundu moja, uliza fundi redio kwanza. Spika za tarumbeta za kanisani na msikitini mara nyingi hutumia mfumo wa volti 100, zina transfoma ndani, nazo hazichanganywi na za nyumbani. Usizichezee.

Kama sabufa yako ina nyaya zenye plagi ndogo za duara, kata katikati, unga waya mnene kwa risasi, na kila kiungo kivishwe tepu yake. Kiungo kiwe ndani ya boksi, kamwe kisiwe katikati ya bomba, kwa sababu kiungo kilichofichwa hakitengenezeki.

Kabla ya kufunga vifuniko, pima kwa mita. Ncha za upande wa spika zikiwa wazi, mita isionyeshe kitu chochote kati ya nyekundu na nyeusi. Ikionyesha, ganda limechanika mahali. Zisokote pamoja, sasa isome sehemu ndogo ya omu. Unganisha spika: ya omu 8 itasoma 6 au 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Hapo ndipo uwashe, sauti ikiwa chini.

Piga picha za ukuta kwa simu kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya bomba ili vipimo visomeke. Kisha vihamishie kwenye karatasi, maana simu hupotea ziwani na sokoni, na karatasi hiyo ikae pamoja na namba ya mita ya LUKU. Na siku ya kuvuta waya, kabla hujaanza, funga mshipi mpya nyuma ya waya ili uingie pamoja nao, ubaki humo bombani kwa waya utakaofuata.